Nuru iliyobanwa ndani ya fuwele

Mpendwa Rashidi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Barua yako nimeipata, na swali lako ni la haki: ikiwa mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba nuru haikusanyiki mahali padogo kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi lake, hawa watafiti wanaoibana katika nanomita, yaani sehemu za bilioni za mita, wamepitia wapi?

Abbe yuko sahihi kwa nuru inayosafiri huru. Ndani ya fuwele fulani, hata hivyo, mawimbi ya infraredi, nuru isiyoonekana kwa macho, hushikamana na mitikisiko ya atomi, na kinachosafiri humo si nuru tupu bali mchanganyiko uitwao polaritoni, wenye wimbi fupi mno.

Zamani watafiti walitegemea dhahabu na fedha kuibana nuru, lakini metali huigeuza nuru kuwa joto upesi. Boroni nitridi yenye muundo wa pembesita, fuwele ya boroni na nitrojeni, haina ubadhirifu huo. Atomi zake zimefungamana imara ndani ya kila tabaka, ilhali baina ya tabaka mshikamano ni dhaifu kiasi kwamba selotepu hutosha kuzibandua; ndiyo maana, kwa mawimbi ya takriban maikromita 6.2 hadi 7.3, fuwele hiyo hutenda kama metali kwa uga wa umeme ulio sambamba na tabaka, na kama kioo cha dirisha kwa uga ulio wima. Mwaka 2014 Joshua Caldwell na wenzake waliichonga kuwa koni ndogondogo, wakaibana nuru katika nafasi iliyo ndogo mara 86 kuliko urefu wa wimbi lake.

Kuiona si kwa lenzi. Ncha ya sindano, yenye upana wa makumi machache ya nanomita, hupitishwa juu ya kipande cha fuwele huku ikimulikwa, na kwenye picha hutokea mistari sambamba na ukingo. Nafasi kati ya mstari na mstari ni nusu ya wimbi la polaritoni.

Mimi hunivutia zaidi kalsaiti, jiwe lilelile ambalo Erasmus Bartholin aliona likizalisha taswira mbili mwaka 1669. Mwaka 2021 ilibainika kwamba nalo hubeba polaritoni usoni pake, bila kuchongwa nanomita hata moja.

Usitarajie kompyuta za nuru kutokana na haya karibuni, kwani kila fuwele hufanya kazi katika kanda yake nyembamba ya infraredi. Utambuzi wa kemikali chache mno naona uko karibu zaidi, maana molekuli nyingi hutikisika katika kanda hizohizo.

Wako,
Salim