Kaka, orodha ile niliiandika mimi

Kaka,

Shikamoo. Nakuandikia hapa kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma halafu unanyamaza. Hapa najua utapita, hata ikiwa ni kwa kutumiwa na watu. Wengine watakaosoma wanisamehe. Wakiona tunafukua mambo ya nyumbani hadharani, wajue milango mingine yote nimeshabisha.

Vitabu vya Baba ulivyomuuzia muuza karanga nimeshakusamehe. Vilikuwa vya Kirusi, hakuna wa kuvisoma, na wewe ulikuwa na haraka ya kurudi Muscat. Kisichonitoka moyoni ni siku ya arobaini.

Hitima imekwisha, watu wamekula, wazee wamebaki uani na kahawa yao. Ukatoka chumbani kwa Baba na lile daftari lake la Kiev, lenye jalada la kijani, ukasimama katikati ya mkeka na viatu miguuni. Baba mkubwa akakuambia keti, mwanangu. Hukuketi. Ukasema Baba maisha yake yote alimtukuza Mrusi aliyewaundia ndege watu waliomfunga, na yeye akaishi vivyo hivyo: walimweka ndani, wakamtoa, kesho yake akawarudia na kuwaandikia majina ya wenzake. Kisha ukamgeukia mama mkweo, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, ukasema, "Muulizeni huyu jina gani halimo."

Yule mama alikuwa na kikombe mkononi. Akakiweka chini polepole, akainuka, akaanza kutafuta viatu vyake kwa ncha ya mguu. Hakuviona, watoto walikuwa wamevichanganya. Ikabidi ainame, mtu mzima yule, apekue viatu vya watu mbele ya wanaume wote wale, na hakuna aliyenyanyuka kumsaidia. Mimi nilikuwa na sinia mikononi. Wewe ulikuwa bado unaongea.

Sasa nisikilize, kwa sababu Tupolev, yule Mrusi mbunifu wa ndege, umemsema nusu nusu, na Baba umemsema nusu nusu.

Hadithi unaijua tangu tukiwa wadogo, ila wewe ulikuwa unalala kabla haijafika katikati. Andrei Tupolev alizaliwa mwaka 1888 kijijini Pustomazovo, akaenda kusoma ufundi Moscow, akaangukia mikononi mwa Profesa Zhukovsky, aliyekuwa akiwafundisha vijana jinsi hewa inavyolibeba bawa. Serikali ya mfalme ilimkamata mwaka 1911 kwa siasa, akafukuzwa chuo, akarudishwa kwao. Baadaye akarudi akamaliza. Mwaka 1918 alikuwa pamoja na Zhukovsky wakati taasisi ya utafiti wa anga, TsAGI, inaanzishwa katika nchi iliyokuwa na njaa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wenzake walikuwa wanajenga ndege za mbao na kitambaa. Yeye akashikilia aluminiamu, na mwaka 1924 akarusha ANT-2, ndege ya kwanza ya Kisovieti ya metali tupu. Herufi hizo tatu ni za majina yake. Baba alikuwa akituchorea bati lake lenye mikunjo, mgongoni mwa bahasha za barua.

Nafika mwaka 1937, maana hapo ndipo wewe unapoparuka. Mwezi wa Juni, Chkalov na wenzake wawili waliruka kwa ANT-25 kutoka Moscow, wakapita juu ya Ncha ya Kaskazini, wakatua Vancouver katika jimbo la Washington, Marekani. Julai, Gromov na wenzake wakapita njia hiyo hiyo mpaka California: kilomita 10,148 bila kutua, rekodi ya dunia. Ndege zote mbili zilitoka kwenye ofisi ya Tupolev. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo polisi wa siri wakaja kumchukua. Hujuma na ujasusi, walisema. Mkewe naye akakamatwa. Gerezani hawakumpiga, ila walimsimamisha kwa masaa mengi ya mahojiano, mtu mnene aliyekaribia umri wa miaka 50.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Nakuuliza kwa dhati. Mimi jibu lako sijawahi kulisikia, nimesikia hukumu tu.

Walipogundua kwamba vita inakuja na wabunifu wa ndege wamejaa magerezani, walimtoa kwenye selo wakampeleka Bolshevo, nje ya Moscow, wakampa karatasi. Aandike majina ya wahandisi anaowahitaji. Mmoja wa waliofungwa naye ameeleza jambo hilo lilivyomtesa. Waliokamatwa kabla yake alikuwa anawajua. Je, waliokamatwa baada yake? Akiandika jina la mtu ambaye bado analala nyumbani kwake, si atakuwa amemwita gerezani kwa mkono wake? Na asipomwandika mtu ambaye tayari yuko kambini anachimba udongo kwenye baridi, si atakuwa amemzika? Mwisho aliandika wote aliowafahamu kazini, majina kama 200, kwa sababu tasnia nzima alikuwa anaijua. Watu wakaanza kuletwa kutoka magerezani na makambini, wembamba kama vijiti, wakapewa meza za kuchorea, mkate na siagi.

Miongoni mwa waliofika alikuwa Sergei Korolev, ambaye Tupolev alisimamia kazi yake ya mwisho alipokuwa mwanafunzi. Alikuwa amepitia makambi ya wafungwa ya Kolyma, meno yamemdondoka kwa ugonjwa. Akawekwa kwenye kazi ya bawa. Huyo ndiye aliyerusha satelaiti ya kwanza mwaka 1957, na Gagarin mwaka 1961. Baba alikuwa akifika hapo ananyamaza kidogo, anatutazama, wewe ukiwa umeshalala.

Moscow walifungwa katika jengo lao wenyewe la kazi. Madirisha ya nondo, walinzi, na juu ya paa kizimba cha vyuma cha kunyooshea miguu jioni. Humo ndimo walimobuni ndege iliyokuja kuitwa Tu-2, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 29 Januari 1941. Unasema alipiga magoti. Beria, mkuu wa polisi wa siri, alitaka ndege ya injini 4 itakayodondosha mabomu kwa kupiga mbizi. Tupolev, mfungwa, anayeweza kupigwa risasi wakati wowote, alimwambia haifai, ndege ya ukubwa ule haipigi mbizi. Iliyojengwa ilikuwa ya injini 2. Mtu aliyepiga magoti hamwambii Beria kwamba hesabu zake si sahihi.

Najua utanijibu kwa Kalinin, maana ulimtaja mara moja mezani na Baba akakosa la kusema. Kweli, Konstantin Kalinin alibuni ndege kubwa za ajabu, naye alikamatwa, na mwaka 1938 akapigwa risasi. Lakini Kalinin hakukataa karatasi, kaka. Hakuletewa karatasi. Usimfanye shujaa wa kumpigia Baba. Mtu yule aliuawa, na angependa kuishi.

Tupolev aliachiwa Julai 1941, Wajerumani wakiwa wameshaingia. Hakuna aliyemwomba radhi. Kusafishwa jina rasmi kulikuja mwaka 1955. Katikati hapo alifanya kazi ambayo mimi ndiyo iliyonivuta kwenye ufundi. Ndege za Marekani B-29 zilikuwa zimetua Mashariki ya Mbali ya Urusi mwaka 1944 zikazuiwa, na Stalin akaamuru zinakiliwe kama zilivyo. Bati la Wamarekani lilipimwa kwa inchi: moja ya kumi na sita ya inchi ni milimita 1.5875, na viwanda vya Urusi havikuwa na bati la unene huo. Wahandisi ikabidi wapige hesabu sehemu moja moja ya ndege nzima, wapi bati liwe nene kidogo, wapi liwe jembamba, ili uzito usizidi na nguvu isipungue. Mwaka 1947 ikaruka. Nilipokisikia kisa hicho nilikuwa msichana mdogo, na nikawaza jinsi watu walivyokaa chini na kalamu wakalimaliza jambo lile. Hadi leo nikilipima bati kabla ya kulitia kiraka, namwazia.

Na kuna safari ya London. Machi 1956 ndege yake ya abiria ya jeti, Tu-104, ilitua Uingereza, na watu wa Magharibi walishangaa kwamba Warusi wanayo. Aliyekuwa ndani ni Ivan Serov, mkuu wa KGB, yaani polisi wa siri. Wewe ungesema, tazama, bado anawabeba. Mimi nasema waliomfunga walikuwa wamekaa ndani ya bati lake, maelfu ya mita juu, wakitegemea kwamba mzee yule hakufanya kazi yake kwa kinyongo.

Sasa Baba.

Orodha ile niliiandika mimi. Hilo hulijui, kwa sababu ulikuwa bweni. Walikuwa wamemshika kwa vipuri vilivyopotea stoo ya hanga la ndege alikofanya kazi, wakaona hana kesi, wakamwachia, na mwaka ule ule wa kupunguza watu bosi akamwita amwambie mafundi gani kazi haiwezi kwenda bila wao. Umeme umekatika, tuko na taa ya chemli, Baba anataja na mimi naandika kwa mwandiko wangu wa shule. Alipofika kwa mkweo, baba wa mkeo, alisema jina, nikaweka kalamu kwenye karatasi, akanishika mkono. "Usimwandike. Huyu bado hawajamgusa."

Ndivyo alivyosema. Alikuwa ametoka mahabusu, na aliona kila atakayemtaja ataonekana mtu wake, atafuatwa naye kwa vipuri vile vile. Wale wengine walikuwa wameshaandikiwa barua za kusimamishwa; kuwataja ni kuwaokoa. Mkweo alikuwa kazini, salama, hana doa. Baba alimwacha nje ya karatasi ili abaki salama. Baadaye wakubwa wakaamua kubakiza waliotajwa tu, na wengine wote wakarudishwa makwao. Nani angejua? Tupolev aliandika kila mtu, Baba akamkinga mmoja, na aliyemkinga ndiye aliyepoteza kazi. Kwa nini unadhani alikuwa anarudia kisa cha Bolshevo kila jioni baada ya hapo? Ulidhani anamsifu Mrusi. Alikuwa anatafuta kama kulikuwa na namna nyingine.

Na mkweo alijua. Baba alikwenda kwake usiku, wakakaa barazani mpaka karibu na alfajiri, Mama akawa na wasiwasi. Posa yako ilipopelekwa, nani aliikubali hata mahari haijatajwa? Mtu aliyeuzwa angempa mwanawe kijana wa aliyemuuza? Ungemuuliza yeye akiwa hai. Ungemuuliza mkewe, badala ya kumpekulisha viatu.

Kaka, wewe una watoto wanaokua mbali. Wafundishe babu yao alikuwa nani, kabla hawajafundishwa na hasira zako. Usiwazoeshe kupima watu kwa kuuliza nani aliondoka na nani alibaki, kwa sababu hapo hata mimi utanipima, na mimi nilibaki. Nilibaki kwenye hanga lile lile walilomtoa Baba kwa aibu, chini ya watu waliowahi kukaa na waliomshtaki. Ulipoambiwa nimeajiriwa pale, ulisema nimerithi utumwa. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umetulipia ada, na kwa sababu ni wewe uliyenibeba kwenye baiskeli mpaka hospitali usiku ule wa homa, na mvua inanyesha. Hayo sijayasahau na sitayasahau. Lakini ndege zinapita mikononi mwangu kila siku, watu wanapanda na watoto wao, na hakuna bosi aliye mbaya kiasi cha kunifanya nikaze nati vibaya. Baba alipougua mimi ndiye niliyekuwa karibu, kwa sababu nilikuwa na kazi hapa. Dawa zilinunuliwa na mshahara ule unaouona wa aibu. Mimi sioni aibu. Sikuwahi kuona aibu, na sikuandikii nikuombe unielewe.

Wifi, kama unasoma, samahani kwa kukutaja baba yako hivi mbele za watu. Nilitaka usikie kutoka kwa aliyeshika kalamu.

Kaka, daftari la kijani ulilichukua, lilikuwa kwenye begi lako la mkononi, nilikuona. Nakala ya orodha ile Baba aliibandika humo kwa gundi ya unga, ukurasa unaofuata mchoro wa bawa la Tu-134. Litazame vizuri chini ya jina la nane: utaona nukta ya wino mahali nilipoweka kalamu nikazuiwa. Kisha mpigie mama mkweo, umwombe radhi, na daftari umpe mtu yeyote anayekuja Tanga.