Mzuzu wa bibi yako

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu kutoka Mbagala. Kaka yako ameniambia unataka kununua machipukizi ya migomba ya barabarani ukapande kiwanjani kwako Kigamboni. Usinunue, mwanangu. Hujui yametoka shamba gani, na fukusi husafiri ndani ya tunguu, lile shina nene la chini ya udongo. Mdudu huyo utamjua pale mgomba ukishaanguka na mkungu wake.

Nyuma ya jiko, kwenye mgomba wa mzuzu wa bibi yako, kuna machipukizi matatu yenye majani membamba kama sime. Nimekuwekea. Ila usiyapande hivyo hivyo, maana tunguu moja likishughulikiwa vizuri hutoa miche kumi, hata zaidi.

Ling'oe, ulimenye udongo na mizizi mpaka libaki jeupe. Ukikuta vitundu vyeusi, kata. Vikiwa vingi, litupe. Lichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, basi. Kisha vua maganda ya shina, moja baada ya jingine. Chini ya kila ganda utaona jicho dogo, limetuna kama chunusi. Huo ndio mche wako, kisu kisiliguse. Mwisho, chanja msalaba katikati, uue moyo, ile ncha inayokua. Mkono utakuwa mzito, hata wangu ulikuwa mzito, lakini moyo ukiwa hai macho yale hulala tu. Lianike kivulini siku moja.

Unga wa mbao waombe mafundi wa Keko, wa mbao isiyotiwa dawa. Tutaupika kwa mvuke kwenye pipa, upoe, ndipo tulifukie tunguu na kulifunika kwa nailoni angavu chini ya mwembe. Mara ya kwanza nilimwagilia asubuhi na jioni kama mchicha. Nilipofunua, harufu ilinipokea: matunguu manne yote yameoza. Ukiufumba unga mkononi, uwe na unyevu lakini usichuruzike.

Wiki ya tatu hivi machipukizi huanza kutokeza. Yakifikisha majani matatu, yakate na mizizi yake, yatie kwenye viriba, yakae kivulini mwezi mmoja au miwili. Tukianza sasa, Juni, tutaziwahi mvua za vuli.

Wazee walisema mgomba changaraweni haupandwi, na kiwanja chako ni mchanga mtupu. Kwa hiyo chimba mashimo ya sentimita 60 mapema, uyajaze samadi na majani makavu.

Njoo Jumamosi asubuhi, jua halijawa kali. Kisu cha bibi yako nimeshakinoa.

Mama yako