Bata asubiri kwanza

Nassau, Bahamas, 3 Januari

Kaka,

Assalaam aleikum. Mimi mzima. Baridi ya huku ni kama ya Julai hapo Mombasa, kwa hiyo mwambie Mama asihangaike na sweta. Pesa ya mabati naituma Ijumaa.

Ujumbe wako niliusoma jikoni hotelini huku namenya vitunguu, nikacheka peke yangu. Yaani wimbo wa kuku umeitoa bendi yenu, kila harusi watu wanawika, na sasa meneja wenu anataka wa bata?

Ngoja nikupe habari za wenye mji huu. Baha Men ni bendi ya watoto wa hapa hapa Nassau. Walianza 1977 wakiitwa High Voltage. Ile "Who Let the Dogs Out" tuliyobweka nayo utotoni waliitoa mwaka 2000, miaka ishirini na tatu baadaye! Na wimbo wenyewe si wao. Anslem Douglas wa Trinidad alishautoa 1998, ukiitwa "Doggie". Eti hao mbwa ni wanaume wanaowatukana wanawake kwenye sherehe. Sisi tulidhani mbwa ni mbwa.

Mwaka 2001 wakapata tuzo ya muziki ya Grammy kwa wimbo huo. 2002 wakaja na albamu ya "Move It Like This". Juzi nimeisikiliza yote kwa ajili yako. Imechangamka, si mbaya, lakini haikuukaribia ule wa mbwa hata kidogo. Niliisikiliza nikamkumbuka ami yetu, akishachekesha watu mara moja anarudia mzaha ule ule huku akitukodolea macho.

Alfajiri ya mwaka mpya nikaenda barabara ya Bay Street kutazama Junkanoo, gwaride la ngoma na mavazi la huku. Kaka, ungelia. Kabla ya kuingia barabarani, wapigaji walikuwa wameinamisha ngoma zao kwenye moto, ngozi ya mbuzi kabisa, mzee mmoja anaigonga kwa kidole, anatega sikio, anairudisha motoni. Kama babu kule kijijini! Halafu kengele za ng'ombe, mikono yote miwili, filimbi, matarumbeta, na mavazi ya maboksi yaliyobandikwa vipande vya karatasi za rangi, marefu kuliko mlango wetu. Jasho linawatiririka na hakuna anayetaka kutoka.

Muziki wa Baha Men umetokea kwenye ngoma hizo, na mpaka leo bado wanapiga. Mbwa amewapa jina duniani, sawa, lakini miaka yote ile kabla yake hawakuishi kwa kubweka.

Ule wimbo wenu wa pole pole, mnaoupiga mwisho wa harusi wakati wamebaki wakunja viti tu, mmeshaurekodi? Nitumie, hata wa simu. Meneja mwambieni anywe chai kwanza. Na yule mpiga zumari nasikia anataka kuuza zumari yake anunue kinanda. Mzuie, hata kama ni kwa kumkopesha. Nitakurudishia mimi.

Wasalimie wote. Mama mbusu mkono.

Mdogo wako