Wanangu mnaosoma uchumi wa menejimenti, msiishie kwenye madesa

Wanangu hamjambo. Najua sasa hivi mko kwenye test, kila mtu anahangaika na paspepa, ila naombeni mnisikilize kidogo mimi mzee wenu. Juzi mjukuu wangu wa mwaka wa pili alikuja na madesa yake ya uchumi wa menejimenti, yani ule wa kampuni inaamuaje mambo yake, nimwelekeze, tukakaa barazani mpaka saa tano usiku, na niliyoyaona yamenikaa moyoni ndo mana naandika. Kanuni zote anazijua, kwamba kampuni inaongeza uzalishaji mpaka pale hela inayoingia kwa kuuza kimoja zaidi inapolingana na gharama ya kutengeneza hicho kimoja, na kalkulasi yake anakushushia bila kukosea. Nikamwambia haya, basi la Dodoma linatoka Mbezi alfajiri, viti vinne vitupu, injini inaunguruma, amekuja abiria, nauli tufanye ni 30,000 yeye ana 20,000 tu, konda amchukue au amwache? Akanyamaza. Akasema babu hilo halipo kwenye notsi.

Lipo wanangu, ndo hilohilo. Dizeli ya kufika Dodoma ilishawekwa, dereva analipwa vilevile, ushuru wa stendi umeshatoka, huyo mtu mmoja akipanda anaongeza gharama gani? Karibu na hakuna. Kwaiyo ile 20,000 karibu yote inabaki, na kiti kikifika Dodoma kitupu ndo basi tena, huwezi kukiweka stoo ukakiuza kesho. Ila hapohapo kuna jambo lingine, abiria wakishajua kwamba ukichelewa unapunguziwa, kesho hata mwenye 30,000 yake atajibanza getini kusubiri, ndo mana konda anakunong'oneza "usiwaambie wenzio". Hajakaa darasani ila anajua punguzo la leo linakula nauli ya kesho.

Ninachotaka mshike ni hichi, kampuni inapoamua jambo ulizeni nini kitabadilika kuanzia hapa kwenda mbele, na nani ataubeba huo mzigo. Hela ya jana imeshatoka.

Nawaambia hivi kwa sababu yalinikuta. Miaka ya tisini mwishoni nilikuwa mhasibu msaidizi kwenye kiwanda kimoja hapa Dar, jina sitaji. Wakaagiza mashine ya kufungasha juisi kwa mkopo wa benki, siku inashushwa tulipikiwa pilau. Mwaka haujaisha ikaonekana wazi juisi haiendi kwa bei tuliyopanga, bei ikashushwa na kushushwa mpaka katoni moja ikawa 4,000, wakati sukari, pakti, umeme na vibarua wa kutengeneza katoni hiyohiyo vinakula 4,600. Hapo sijaweka mashine wala riba. Yani kila katoni inayotoka getini imebeba 600 yetu, na tukizalisha nyingi ndo tunazama zaidi. Lakini kwenye vikao neno lilikuwa moja, mashine imetugharimu hela nyingi haiwezi kukaa bure. Hebu tulieni hapa mana ndo wengi wanapochanganya. Kama zile gharama zingekuwa 3,400, mimi mwenyewe ningesema tuendelee hata kama vitabu vya mwaka vinaonyesha hasara, sababu kila katoni ingetuachia 600 ya kupunguzia mkopo, na mkopo unalipwa mashine izunguke isizunguke. Ila kwa 4,600 ilitakiwa izimwe wiki ileile. Na bei ya kuinunua ile mashine haimo kwenye hesabu hiyo hata kidogo, sio ya kuzima wala ya kuendelea. Namba nilikuwa nazo kwenye daftari langu, nikaogopa wakubwa, nikakaa kimya miezi minane. Watu wakapunguzwa kazi. Kuna mama mmoja wa kufungasha alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu, nikikutana nae sokoni mpaka leo nashindwa kumwangalia usoni.

Msidhani wale wakubwa walikuwa wajinga. Herbert Simon, yule Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi 1978, alieleza kwamba mtu anayeamua ndani ya shirika hana taarifa zote wala hana muda wa kupima kila njia, anatafuta mpaka anapopata inayomtosha anasimama hapo. Wakubwa wetu walisimama kwenye ripoti ya mauzo, na ripoti ilikuwa nzuri, katoni zinazotoka zilikuwa zinapanda kila mwezi. Stoo kipa ndo alikuwa anajua ngapi zinarudi zimevimba, na hakuna aliyeshuka chini kumuuliza.

Alafu waangalieni waliofanya kinyume. M-Pesa haikuanza kama mnavyoijua. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walipoanza kuijaribu Kenya pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu, lengo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Kwenye majaribio wakaona watu wanatumiana wao kwa wao, na ule upande wa mikopo unaleta ugumu kwenye kutunza hesabu. Hela na muda vilikuwa vimeshaingia kwenye wazo la kwanza ila hawakuling'ang'ania, Machi 2007 ikazinduliwa kwa jambo moja tu, tuma hela nyumbani. Mwaka uliofuata ikafika kwetu kupitia Vodacom.

Sasa hilo la nani anabeba mzigo, someni kwenye daladala. Tajiri anamkabidhi dereva gari, wanakubaliana hesabu ya siku, mafuta juu ya dereva, kinachozidi ni chake na konda wake. Kwanini tajiri asilipe mshahara yakaisha? Kwa sababu hawezi kukaa kwenye gari kuhesabu vichwa toka alfajiri mpaka usiku, kwaiyo anauza huo wasiwasi kwa dereva, na dereva anajihimu mwenyewe bila kusimamiwa. Lakini breki, springi na matairi ni vya tajiri, na anayerushwa kwenye kona au kushushwa njiani gari limekatisha ruti ni abiria. Makubaliano yaleyale yanaleta bidii na yanaleta rafu. Kwaiyo mkiona kampuni inafanya jambo la ajabu msikimbilie kusema meneja hajasoma, tafuteni kwanza analipwa kwa kipi. Yule meneja mauzo wetu alikuwa anakula kamisheni kwa kila katoni iliyotoka getini. Iliyorudi haikumhusu.

Mkienda fildi wengi wenu mtapewa kazi ya fotokopi na kufuata chai, najua. Naombeni siku mbili za mwanzo mpite stoo na getini. Chagua bidhaa moja, andika kwenye karatasi ikiongezeka moja tu ni matumizi gani yanaongezeka kweli, ikipungua moja ni yapi yanapungua kweli, mengine yote yaweke pembeni kwanza. Mwamkie stoo kipa vizuri, muulize nini kinarudi. Na ukipata namba inayokutisha kama ile ya kwangu usiifungie kwenye daftari, ukikosa wa kumwonyesha niletee mimi, jioni huwa nipo barazani.