Salamu za Noeli 2023: Bwana Yupo Mahali Hapa

Wapendwa wanajumuiya, ndugu, jamaa na marafiki, Tumsifu Yesu Kristo!

Kwa niaba ya uongozi wa jumuiya yetu, na kwa niaba ya familia yangu, nawasalimu nyote katika sikukuu hii ya kuzaliwa kwake Bwana na Mwokozi wetu. Tumshukuru Mungu aliyetuvusha hadi leo, maana wapo tuliouanza nao mwaka na sasa hatunao. Walio wagonjwa awaponye, walio safarini awafikishe salama, waliofiwa awafute machozi.

Majilio ya mwaka huu, yale majuma ya kuingojea Noeli, hayangeweza kuwa mafupi zaidi. Jumapili ya nne imeangukia tarehe 24: asubuhi tumewasha mshumaa wa nne, jioni tuko kwenye Misa ya mkesha. Yamekuwa mafupi, lakini mazito. Alfajiri ya Jumapili ya kwanza, tarehe 3 Desemba, wakati wengi wetu tunajiandaa kwenda Misa ya kwanza, tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang, mkoani Manyara, vikawakuta watu wa Katesh na vijiji vya jirani wakiwa majumbani mwao. Zaidi ya watu 80 wamefariki. Kuna nyumba kule ambazo leo hakuna wa kupika pilau wala wa kupikiwa. Asanteni sana mliotoa unga, nguo na blanketi. Naomba tusichoke, kwa sababu habari zikishapoa ndipo mfiwa anapoanza kuona upweke wake vizuri.

Na huku mjini mambo hayakuwa mepesi. Mgao wa umeme umewarudisha nyuma mafundi cherehani, wenye saluni, na akina mama wanaouza samaki na barafu. Nauli mpya zimeanza mwezi huu huu, watu wakiwa na mizigo ya sikukuu mikononi. Sukari imepanda hadi mtu anamkaribisha mgeni chai huku moyoni anahesabu vijiko. Nguo za watoto za sikukuu, wazazi wengi mwaka huu wamefua zile za mwaka jana wakazipiga pasi vizuri. Mungu awabariki. Watoto wamependeza.

Nyumbani kwangu pia palikuwa na msiba. Mwezi wa sita baba watoto alitangulia mbele ya haki. Mliokuja mlikuja, siwezi kuwataja wote, lakini kuna mmoja sijamtoa moyoni. Asubuhi ile, kabla turubai halijafungwa, jirani yetu Mwislamu aliingia na ndoo za maji, akaniangalia, hakusema neno. Akavuta kigoda, akachukua ungo, akaanza kuchambua mchele. Alichambua taratibu, mawe anayaweka pembeni, chuya anapuliza, kama vile mchele ule ni wa harusi ya mwanawe. Nilikuwa nimelia usiku kucha nikimuuliza Mungu yuko wapi. Kumtazama tu mama yule na ungo wake, kifua kikatulia. Nikajua hajaondoka.

Tangu hapo neno la Yakobo katika kitabu cha Mwanzo halinitoki. Alikuwa anamkimbia ndugu yake, giza limemkuta njiani, jiwe ndilo mto wake. Alipoamka akasema, “Kweli Bwana yupo mahali hapa, wala mimi sikujua.” Hapakuwa hekaluni pale. Palikuwa porini, na mtu mwenyewe ana deni na kaka yake.

Wachungaji nao tunawasoma kila mwaka hadi tumewazoea. Luka anasema walikuwa makondeni, wakilinda kundi lao kwa zamu usiku. Walikuwa kazini! Habari kubwa kuliko zote iliwakuta watu wa zamu ya usiku, wenye baridi na usingizi. Basi wewe mlinzi, wewe muuguzi wa wodini, wewe dereva wa lori uliyelala mizani usiku wa Noeli, usijione umekosa sikukuu.

Mwaka huu imetimia miaka 800 tangu Mtakatifu Fransisko wa Asizi, mwaka 1223, alipoomba aletewe nyasi, ng'ombe na punda katika pango la Greccio kule Italia, Misa ikaadhimishwa hapo penye hori. Alitaka kuona kwa macho jinsi Mtoto alivyolala pasipo na kitu. Hakutafuta dhahabu. Alitafuta nyasi. Baba watoto kila Desemba alitengeneza pango letu kwa karatasi za mifuko ya saruji, anazikunja, anazipaka rangi ya kijani na nyeusi, na mikono yake inabaki nayo hadi Mwaka Mpya. Mwaka huu kijana wake wa mwisho ndiye ametengeneza. Limeegemea upande kidogo. Nimemwambia aliache hivyo hivyo.

Ndugu zangu, tusimtafute Mungu kwenye miujiza ya kutangaziwa kwa vipaza sauti tu. Konda aliyekuita akakurudishia chenji uliyokwisha kuisahau, ametumwa. Mtoto wako aliyejiandaa na mtihani wa kidato cha nne kwa tochi ya simu, akamaliza bila kukata tamaa, hakuwa peke yake. Na yule anayebisha hodi kuomba chumvi wakati na kwako imebaki ya kuchota kwa kucha, mfungulie. Betlehemu walisema hakuna nafasi, na aliyekuwa mlangoni ndiye waliyekuwa wanamngoja miaka yote! Basi tukimaliza kula, tusahaulianeni makosa. Mwenye kinyongo na shemeji, na wifi, na jirani wa ukuta mmoja, akiweke chini kabla ya tarehe mosi. Januari ina sare, madaftari na kodi ya nyumba. Mizigo hiyo inatosha.

Nawatakieni Noeli yenye amani na furaha, na Mwaka Mpya wa 2024 wenye afya, riziki na baraka tele. Mtoto Yesu azaliwe katika kila nyumba, hasa zile zilizofiwa.

Ni mimi dada yenu katika Kristo,
Mwenyekiti wa Jumuiya