Barua ya wazi kwa halmashauri za vijiji vya ushoroba wa Kwakuchinja, njia ya wanyama kati ya Tarangire na Manyara: mhuri wetu umegongwa kwenye karatasi tupu

Wanangu wenyeviti, watendaji na wajumbe, marahaba. Mlionisalimia mnadani wiki iliyopita mliona sikukaa kwa maongezi. Nilikuwa na hasira, na mtu mzima akishikwa na hasira ni afadhali arudi nyumbani akaandike.

Mvua za kwanza zilipoanza, mjukuu wangu anayechunga alikuja kunigongea alfajiri. Kwenye shamba jipya la mwekezaji, pale palipokuwa mbuga ya wazi miaka yote, pundamilia jike alikuwa amenasa kwenye seng'enge. Mguu wa nyuma umezungukwa na nyuzi mbili, waya umekata ngozi mpaka mfupa unaonekana. Kwa kwato za mbele alikuwa amechimba udongo ukawa kama bakuli. Upande wa pili wa ua alisimama mtoto wake, manyoya bado ya kahawia, na tulipomkaribia hakukimbia. Askari wa wanyamapori walifika saa nne asubuhi. Mama alikuwa ameshakata roho.

Nikaenda ofisi ya kijiji kuomba kuuona mkataba wa kijiji na mwekezaji huyo. Mtendaji, kijana mwenye adabu, alinitolea faili bila kusita, namshukuru. Kurasa 38, zote za Kiingereza. Nimepima ardhi miaka 27, kwa hiyo nilijua pa kutafuta. Ukurasa wa 21 kuna kifungu cha wanyamapori. Nawatafsiria: mwekezaji atachukua hatua stahiki, kadiri itakavyowezekana, kulinda mapito ya wanyama kama yanavyoonekana kwenye Kiambatisho C. Nikafunua mpaka mwisho. Kiambatisho A kipo, ratiba ya malipo. B kipo, orodha ya mitambo. Halafu upo ukurasa wenye kichwa "Kiambatisho C: Ramani ya Mapito", na chini yake hakuna kitu. Hakuna mstari, hakuna nukta. Juu ya weupe huo umegongwa mhuri wa kijiji, wa bluu, umekaa sawasawa.

Nani aligonga? Sitaki jina. Nataka kila mmoja wenu ajiulize ni karatasi ngapi amezigonga hivyo. Mali bila daftari huisha bila habari, tunawafundisha watoto hivyo. Hapa daftari tunalo, limejaa, ila ukurasa uliotuhusu kuliko yote ndio mtupu.

Niwaambie ule ukurasa ulitakiwa kuwa na nini, maana mapito yale nayajua kwa miguu yangu. Hifadhi ya Ziwa Manyara ilianzishwa 1960, Tarangire 1970, na waliochora mipaka hawakuwauliza nyumbu. Kiangazi wanyama hujazana kwenye mto Tarangire kwa ajili ya maji. Mvua zikinyesha hutawanyika: wengine mashariki kwenye nyanda za Simanjiro, wengine kaskazini, wakipita kwetu, wakivuka barabara kuu ya kwenda Arusha, wakishika Manyara Ranchi hadi kwenye majani mafupi yenye madini upande wa mlima Gelai, na huko majike huzaa na kunyonyesha. Funga njia hii na Tarangire inabaki zizi. Katika eneo la kijiji kile mapito yamebanwa kati ya korongo na mashamba ya watu. Ramani ya vipimo vinne tu ingetosha: kutoka korongo hadi jiwe la mpaka, upana huu, mwekezaji asijenge, asilime, asizungushie waya.

Na yale maneno! "Stahiki." "Kadiri itakavyowezekana." Wanangu, mkiyaona hayo kwenye mkataba wekeni kalamu chini. Hebu jiulizeni: kodi ya pango nayo imeandikwa atalipa kadiri itakavyowezekana? Hata kidogo. Kodi ina kiasi, tarehe, akaunti ya benki, na riba ikichelewa. Mwekezaji anajua kuandika wajibu pale anapotaka utimizwe, na mwanasheria wake analipwa kwa kazi hiyo. Wajibu kwa wanyama nao uandikwe kwa lugha ileile ya kodi. Waya wa chini uwe laini, usiwe wa miiba, na uinuliwe kiasi cha ndama wa swala kupita chini yake. Miezi ya kupita itajwe kwa majina, na katika miezi hiyo taa kubwa na mitambo ya usiku izimwe. Mnyama akinasa, kampuni inatoa taarifa siku hiyohiyo kwa mtu aliyetajwa kwa cheo. Asipofanya, analipa kiasi kilichoandikwa. Akirudia, mkataba unavunjika. Mwandikieni hivyo, naye ataheshimu, kwa sababu sasa kuna kitu cha kupeleka mahakamani. Kwa "stahiki" hakimu atafanya nini?

Msiniambie mikataba ya namna hiyo haiwezekani kijijini. Ndugu zetu wa Terrat, Simanjiro, waliingia mapatano na kampuni za utalii katikati ya miaka ya 2000: kijiji kinalipwa kila mwaka, na eneo lililotajwa la malisho halilimwi wala halijengwi, lakini ng'ombe wanaruhusiwa kulisha. Rahisi kueleweka. Mzee asiyejua kusoma anaweza kukuambia masharti yake akiwa amesimama kwenye boma lake. Kitengela, kwa majirani zetu wa Kenya, wenye ardhi walilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushie ua kusini mwa hifadhi ya Nairobi. Ule ulikuwa mpango mzuri, ila fedha zilitegemea wafadhili, na zilipokatika nyua ziliota. Basi mkiandika wajibu, andikeni pia fedha zake zinatoka mfuko gani.

Na uchunguzi utangulie sahihi. Wengi wenu mlikuwa watoto wakati wa Kihansi. Mradi wa umeme wa megawati 180, kwenye milima ya Udzungwa, fedha za Benki ya Dunia na wengine. Mwaka 1996, ujenzi umeshaanza, wataalamu wakakuta kwenye korongo la maporomoko chura mdogo wa manjano ambaye hayupo pengine popote duniani, anayezaa vitoto vilivyokamilika bila kupitia kiluwiluwi, na anayeishi kwa manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoingizwa kwenye mitambo, korongo lilipoteza karibu asilimia 90 ya maji yake. Zikaanza mbio: mabomba ya kunyunyizia maji yakawekwa, chura wapatao 500 wakapandishwa ndege kwenda Marekani mwaka 2000. Ukaja na ugonjwa wa kuvu (fangasi) ukawamaliza waliobaki. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Walirudishwa nyumbani kuanzia 2012, kwa gharama na jasho la miaka. Sichukii umeme wa Kihansi, taa ninayoandikia huenda inawaka kwa maji yale. Ninachosema ni kwamba fungu la maji la chura lingejadiliwa mezani kabla ya mitambo kuagizwa, lingekuwa mstari mmoja wa mkataba.

Mengine nayataja kwa haraka, mnayajua au mnapaswa kuyajua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na idhini ni ya mkataba mzima, haiwi ya ukurasa wa malipo peke yake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kwa miradi mikubwa. Dai nakala ya ripoti na ya cheti, masharti ya cheti yabandikwe kwenye mkataba. Kanuni za shoroba za 2018 zipo, ziombeni wilayani. Wajibu umfuate hata atakayeuziwa au kurithi mradi. Mpango wa matumizi bora ya ardhi usikae kabatini. Na mkataba uje kwa Kiswahili. Tangu 2021 hiyo ndiyo lugha ya sheria za nchi hii, hakuna wa kuwacheka mkiidai.

Najua mnavyobanwa. Mnatoka kwenye kikao cha wilaya mmeambiwa mapato yaongezeke, kijiji hakina madawati, na mtu anakuja na gari jeupe na ahadi ya zahanati. Mkataba unasainiwa juu ya boneti kwa sababu mgeni ana haraka ya ndege. Na sisi wazee tumechangia: kwa miaka mingi tuliongea habari za wanyama kama mali ya serikali na watalii, tukawaachia ninyi kuamini kwamba kifungu cha wanyamapori ni cha kuwafurahisha wazungu. Hapo tuliwapotosha, na ninaomba radhi.

Maana mkizuia njia, tembo hakai akalia. Anageuka. Msimu huu amegeukia shamba la mama mmoja mjane upande wa chini wa shamba lile, ekari 2 za mahindi yaliyokuwa yanaanza kubeba. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya mabua yaliyolala, anachambua vibunzi vya kuchoma, hasemi. Atajaza fomu ya kifuta jasho, malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, atasubiri. Kifuta jasho ni chema, lakini jina lake lenyewe linakuambia kwamba hakilipi debe la mahindi. Mwekezaji hadaiwi kitu. Kiambatisho C ndicho kingemlinda mama yule, naye hajui hata kama kilikuwepo.

Wanangu, siwaandikii kuwaaibisha. Nyote niliwaona mkienda shule peku kwenye barabara hii, na siku mlipochaguliwa nilifurahi. Nyumbani nina daftari zangu za vipimo. Kwa wiki mbili nimekaa mezani na rula nimechora mapito yale upya: korongo, mawe ya mpaka, mbuyu, upana kwa mita. Mkataba unaruhusu marekebisho kwa maandishi ya pande mbili, kifungu kiko ukurasa wa 33. Mkutano mkuu wa kijiji ujao naomba niwekwe kwenye ajenda kabla ya mengineyo. Nitaleta nakala 3, moja ya kijiji, moja ya mwekezaji, moja ya wilaya. Mhuri njooni nao.

Babu yenu,
mpima ardhi mstaafu