Risala ya watoto kwa mgeni rasmi, siku ya shukrani ya familia na mfuko wa yatima

Baba Askofu, mgeni wetu rasmi,
Wachungaji na wazee wa kanisa,
Baba na Mama,
Ndugu waalikwa,

Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya ndugu zangu kumi na watatu, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi. Mimi ni wa sita kwa kuingia nyumbani na wa nne kwa umri. Kwetu kila mtu ana namba mbili, na wanaozichanganya ni wageni tu. Watatu Mama amewazaa, kumi na mmoja tumeasiliwa kutoka nchi nne. Leo tunamshukuru Mungu kwa miaka ishirini na mitano ya nyumba hii na ya mfuko wa kusaidia yatima wa ng'ambo ulioanzia mezani petu.

Maisha yetu unayajua kwa picha zinazobandikwa kanisani. Yasiyoonekana kwenye picha ni misumari kumi na minne ya taulo bafuni, yenye namba, na vita vya asubuhi kwa sababu mtu ametundika yake kwenye namba ya mwenziwe. Jumapili Mama huhesabu vichwa mara mbili, tukitoka nyumbani na kabla gari halijaondoka kanisani. Siku moja alisahau hesabu ya pili. Aliyeachwa ni mmoja wa wale watatu aliowazaa mwenyewe, na sisi wengine hatujaacha kuisimulia habari hiyo.

Ndugu yetu wa tisa alipofika alikuwa na miaka mitano. Wiki ya kwanza Mama alikuta chakula chini ya mto wake, kimeanza kuota ukungu. Hakumgombeza. Alitafuta kopo lenye mfuniko, akalijaza, akaliweka kando ya kitanda na kumwambia, "Hili ni lako, usiku ukishikwa na njaa." Alilijaza kila jioni. Miezi minane ikapita ndipo asubuhi moja lilipokutwa halijafunguliwa. Mama alilishika pale mlangoni, akakaa chini akalia. Wengi wetu hatukuelewa analia nini.

Baba Askofu, ruhusa ya kusema yanayofuata ametupa ndugu huyo mwenyewe, kwa sharti nisimtaje jina. Faili lake lilisema ni yatima. Alipotimiza miaka kumi na minane alianza kutafuta kwao, akampata mama yake mzazi akiwa hai. Mama yule ni mjane. Alipofiwa na mume alimpeleka mtoto kwenye kituo cha kulelea watoto ili ale na asome, akitegemea kumchukua hali ikitengemaa. Karatasi aliyowekewa mbele aliitia dole gumba, hakujua kusoma. Aliporudi kumtazama, akaambiwa mtoto amesafiri.

Wazazi wetu hawakujua. Baba alipoyasikia alikaa siku tatu haongei na mtu, kisha akapiga simu kule akiwa na mkalimani, akaomba radhi. Tangu siku ile nyumba yetu inaliangalia neno yatima kwa jicho jingine, na ndiyo sababu risala hii haikuandikwa kama zile za miaka iliyopita.

Tulipokuwa wadogo Baba alipenda kutusimulia habari za Harry na Bertha Holt, wakulima wa Oregon, Marekani. Walikuwa na watoto sita wa kuwazaa, na mwaka 1955 wakaasili wanane kutoka Korea baada ya vita. Ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria maalumu ili waweze. Imani ya watu wale iliwatia moyo wazazi wetu, na hatuibezi. Lakini Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini ilitangaza kwamba katika miongo iliyofuata nyaraka za watoto waliopelekwa nje zilighushiwa, na wengine waliandikwa kuwa yatima ilhali wazazi wao walijulikana. Ndugu yetu wa tisa aliisoma taarifa hiyo kwenye simu, akaipitisha mezani bila kusema neno.

Mkataba wa Hague wa mwaka 1993 kuhusu uasili kati ya nchi na nchi ulikwisha kuweka utaratibu: kwanza mtoto asaidiwe kubaki kwa wazazi wake, ikishindikana, atafutiwe familia katika nchi yake, ndipo lifikiriwe suala la kumpeleka nje. Ridhaa ya mzazi isinunuliwe. Mengine tunayajua wenyewe. Wanne kati yetu hawakuwa na mtu kabisa, na bila nyumba hii sijui tungewapata wapi. Hatusemi uasili ufe.

Tunachosema kinahusu mfuko. Kwa miaka yote hii tumejenga mabweni. Tumepiga picha mbele ya mabweni. Kila bweni jipya linahitaji watoto wa kulijaza, na wanaotoka kuwatafuta huanzia penye umaskini, hawaanzii penye uyatima. Na hata bweni zuri halilei. Huko Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia watoto 136 wa vituoni. Nusu walipelekwa kwenye familia za malezi, nusu wakaachwa katika utaratibu wa kawaida. Waliokwenda kwenye familia, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walikua vizuri zaidi kimwili na kiakili. Kopo la Mama lilitufundisha jambo hilohilo, ila yeye hakuwa mtafiti.

Andiko la mfuko wetu ni Yakobo 1:27. Limechorwa ukutani hapo nyuma yako, Baba Askofu, na mchoraji ameishia kwenye neno yatima kwa kukosa nafasi. Neno linalofuata ni wajane. Sisi tumemchukua yatima tukamvusha bahari, mjane tukamwacha palepale na dhiki yake.

Kwa hiyo ombi letu kwako ni moja, maana tukiomba mengi utatupa lililo rahisi. Tunaomba fedha za bweni la mwaka huu zisitumike kwa bweni. Ziwafikie akina mama, bibi na shangazi wanaotaka kubaki na watoto wao: ada, matibabu, mtaji mdogo, na mtu wa ustawi wa jamii wa kuwatembelea. Tunajua hakutakuwa na jengo la kuzindua wala utepe wa kukata. Tunajua pia baadhi ya wafadhili watanung'unika. Baba amesema atakwenda kuwaona mmoja mmoja.

Ndugu yetu wa tisa ndiye atakayekukabidhi nakala ya risala hii. Ndani kuna bahasha, mchango wetu watoto kumi na wanne, na juu yake ameandika kwa mkono wake jina la mama yake. Mgao wa kwanza tunaomba uende huko.

Naomba kuwasilisha.